Boda za umeme Uganda: ninunue sasa au nisubiri? Jibu kwa dada wa Bugembe

Dada mmoja wa Bugembe, Jinja, ameniandikia swali refu, nalifupisha hapa ili tuwe pamoja. Ana boda tatu za petroli, amewapa vijana, wanamletea hesabu kila jioni. Mbili zimechoka na anataka kubadilisha. Anasema hivi: "Injinia, tangu 2011 tunaambiwa Uganda imetengeneza gari la umeme, na kiwanda chenyewe kiko hapa hapa kwetu Jinja, lakini sijaona jirani yangu hata mmoja akiliendesha. Serikali imeingia kweli kwenye haya mambo ama ni maneno tu? Na mimi ninunue boda za umeme sasa au nibaki na petroli? Halafu tunaishi karibu na bwawa na bado umeme unapotea, hizo boda nitazichaji na nini?"

Dada, asante kwa swali, na nimelipenda kwa sababu hukuuliza kama mtu anayetafuta sifa, umeuliza kama mtu mwenye pesa yake mkononi. Mi ni fundi wa umeme, nimeisomea hiyo kazi, na miaka hii ya karibuni nashinda na boda za umeme hapa Kampala, nazifungua, napima betri, nakaa na madereva wake. Jibu fupi ni hili: nunua moja sasa, siyo mbili, na usitoe hata shilingi kabla hujajua itapata chaji wapi. Jibu refu linafuata, chukua chai.

Nianze na Kiira, hilo gari la umeme unalolisema, maana naona ndilo lililokuuma. Hilo gari lilikuwepo na lilitembea. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki kwenye mradi wa kimataifa wa wanafunzi ulioongozwa na chuo cha MIT cha Marekani, gari likaitwa Vision 200, likaundwa Torino kule Italia mwaka 2008. Waliporudi nyumbani wakasema na sisi tutengeneze la kwetu, na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa pamoja na Paul Isaac Musasizi wakalisimamia, na Novemba 2011 Kiira EV ikatoka, gari dogo la viti viwili, na Rais Museveni akalizindua. Jina lenyewe ni la kwenu huko, Kiira. Mwaka 2014 wakatoa lingine la haibridi, Kiira EV SMACK, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Halafu Februari 2016 pale uwanja wa Namboole wakaonyesha Kayoola Solar Bus, basi la abiria 35 lenye paneli za sola juu ya paa, na watu wakapiga makofi kweli kweli, mi nilikuwa mmoja wao, na sioni aibu yoyote kusema nilitokwa machozi kidogo, kwa sababu sisi tuliosoma ufundi hapa tulizoea kufundishwa kurekebisha vitu vya watu wengine.

Sasa kwa nini jirani yako hana? Kwa sababu kutengeneza gari moja la kuonyesha na kutengeneza magari elfu moja ya kuuza ni kazi mbili tofauti kabisa, hazifanani hata kidogo. La kwanza unahitaji vijana wenye akili, karakana na mwaka mmoja au miwili ya kutolala. La pili unahitaji watu wa kukuletea vioo, viti, breki, waya, bodi, kila wiki bila kukosa, unahitaji mtu wa kupima kila gari linalotoka, unahitaji spea zipatikane Arua na Kabale, na kubwa kuliko yote unahitaji mnunuzi. Na mnunuzi wa gari dogo Uganda unamjua dada, anataka Premio au Noah iliyotumika Japani, na hata sheria ya 2018 ilipokataza kuingiza gari la miaka 15 au zaidi, watu waliendelea kuleta la miaka 13, 14. Hakuna kiwanda kipya duniani kitakachotengeneza gari jipya kwa bei ya gari la miaka 14. Hiyo vita huwezi kuishinda, na mi naona Kiira Motors, kampuni iliyotokana na mradi huo, walifanya la busara kuiacha, wakaenda kwenye mabasi.

Basi ni hesabu nyingine. Basi linanunuliwa na kampuni au serikali, siyo na mwalimu wa shule. Basi linajulikana linapita wapi, linarudi yadi gani usiku, kwa hiyo chaja unaweka mahali pamoja na unamaliza. Kayoola EVS, hilo la umeme mtupu la mjini, lilitengenezwa likitarajiwa kwenda kama kilomita 300 kwa chaji moja, na basi la mjini halizidi hapo kwa siku. Kiwanda chenyewe kilianza kujengwa Februari 2019 pale Kagogwa, huko kwenu Jinja, na wajenzi ni NEC, mkono wa biashara wa jeshi letu. Serikali ndiyo yenye sehemu kubwa kabisa ya hisa za kampuni, Makerere ina kidogo. Kwa hiyo ukiniuliza kama serikali imeingia kweli, ndiyo, imeweka pesa yake humo, miaka mingi. Kinachoniuma mi ni kitu kingine, kwamba kiwanda cha mabasi kinaishi kwa oda, na oda za mabasi bila uamuzi wa nani atabeba abiria Kampala na kwa njia zipi haziji. Taksi zetu za abiria 14 zimekaa pale Old Park miaka na miaka, zina wenyewe, zina familia nyuma yake, na hakuna aliyekaa nao vizuri kuwaambia mtaingiaje kwenye hii biashara mpya. Mpaka hilo lifanyike mabasi yatabaki machache, hata kiwanda kiwe kizuri namna gani.

Upande wa makaratasi mambo yamesogea. Mwaka 2023 ulitoka mkakati wa kitaifa wa usafiri wa umeme kupitia ofisi ya sayansi na teknolojia iliyo chini ya Rais, waziri wake wakati huo akiwa Monica Musenero, na lengo lao ni boda na usafiri wa umma vyote viwe vya umeme ifikapo 2030 na magari ya watu binafsi 2040. Halafu kuna msamaha wa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, kwa magari na pikipiki za umeme zinazotengenezwa hapa nchini, pamoja na vifaa na huduma za kuchaji, mpaka Juni 2028. Huo msamaha wa VAT ndio unakuhusu wewe moja kwa moja, kwa sababu unamfanya muuzaji aunganishe pikipiki hapa badala ya kuleta iliyokamilika, na inayounganishwa hapa ina fundi hapa, ina spea hapa. Ukienda kununua uliza: hii imeunganishwa wapi? Wakijibu wanababaika, ondoka.

Hilo lengo la 2030 mi siliamini, nakwambia kama ndugu. Siyo kwamba nia ni mbaya. Boda ni nyingi mno na wenye boda ni watu kama wewe, mmoja mmoja, kila mtu na mkopo wake wa sacco, hakuna agizo linaloweza kuwabadilisha wote kwa miaka michache. Rwanda wameanza na leseni, boda mpya ya biashara Kigali lazima iwe ya umeme tangu Januari 2025, Ethiopia wao walikataza kabisa kuingiza gari la petroli mwaka 2024. Sisi tumechukua njia ya kubembeleza na kodi. Ni ya polepole lakini haimuumizi mwenye boda iliyochakaa anayelipa ada ya shule na hiyo hiyo boda, na kwa hilo mi naikubali.

Haya, sasa umeme, maana hapo ndipo kila mtu anakosea, wakubwa na wadogo.

Umeme tunao. Siyo tunao kidogo, tunao mpaka unabaki. Bwawa la Nalubaale hapo kwenu tangu 1954, likaja bwawa la Kiira pembeni yake, Bujagali megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, halafu Karuma megawati 600 ikazinduliwa rasmi Septemba 2024. Ukijumlisha vyote na vile vidogo vidogo nchi imepita megawati 2,000, na saa ya jioni watu wote wakiwasha taa na pasi na televisheni tunatumia kama elfu moja na ushee. Usiku wa manane ndiyo usiseme, maji yanapita tu kwenye Mto Nile na mitambo imelala. Na mbaya zaidi mikataba ya baadhi ya mabwawa inasema tutalipa hata kama hatukuutumia, kwa hiyo ule umeme wa saa nane usiku tunaulipia na hakuna aliyeutumia. Boda ya umeme inachajiwa saa ngapi? Saa hizo hizo. Ndiyo maana mi nikiona boda imechomekwa usiku nafurahi kama mtu aliyeona mtoto anakula chakula kilichokuwa kinamwagwa.

Lakini umeme wa Karuma siyo umeme wa soketi yako. Kati yako na Karuma kuna nyaya ndefu, kuna sabusteshoni, kuna transfoma ya mtaa wenu imewekwa wakati mtaa una nyumba kumi na leo una nyumba sitini na welda wawili na mashine ya kusaga, kuna nguzo imeoza, kuna mtu ameiba mafuta ya transfoma. Ndiyo maana mnakaa karibu na bwawa na mnalala giza. Mkataba wa ile kampuni iliyoitwa Umeme uliisha Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua usambazaji, na kazi waliyorithi ni kubwa, hizo transfoma hazibadiliki kwa mwezi mmoja. Ukitaka kujua kama nchi iko tayari kwa magari ya umeme usiangalie bwawa, angalia transfoma iliyo karibu na steji yako.

Nikupe mfano wangu mwenyewe, na huu ulinifundisha kuliko darasa. Karakana yangu ya kwanza nilikodi chumba kwenye nyumba ya zamani, na usiku mmoja nikachomeka betri sita kwa pamoja, kila moja na chaja yake, zote kwenye ekstensheni mbili zilizotoka kwenye soketi moja. Mahesabu niliyajua, nilijua kila chaja inavuta ampia ngapi, lakini sikuifungua ile soketi kuona waya ulioko ndani. Saa sita usiku nikasikia harufu, ile ya plastiki inayoungua, tamu tamu hivi halafu inakukaba koo. Nilipofika soketi ilikuwa imelainika imekuwa kama mshumaa, rangi ya kahawia, na ukutani kuna alama nyeusi ndefu kama ulimi. Nilizima kwenye swichi kubwa, nikakaa chini sakafuni mpaka asubuhi. Ndani kulikuwa na waya mwembamba wa taa, na mtu alikuwa ameufunga kwenye soketi. Betri zilikuwa salama, nyumba ndiyo ilikuwa karibu kwenda. Kwa hiyo dada, ukiamua kuchaji nyumbani, kabla ya kununua boda lipa fundi mwenye leseni akupitishie waya mpya wa peke yake kutoka kwenye mita mpaka mahali pa kuchajia, mnene, wenye breka yake na waya wa ardhi. Hiyo siyo pesa ya kubania. Na betri isichajiwe chumbani watu wanapolala wala mlangoni pa kutokea, weka verandani penye kivuli, mbali na mvua.

Sasa hesabu ya mfukoni. Chukua boda inayofanya kilomita 120 kwa siku. Ya petroli hizi za cc 100 kwenye foleni na mizigo weka kilomita 45 kwa lita, ni lita mbili na nusu na zaidi kidogo, na tukiweka petroli shilingi 5,000 ili hesabu iwe rahisi, ni kama 13,000 kwa siku. Ya umeme inakula kama uniti tatu na nusu kwa kilomita mia, kwa hiyo uniti nne na kidogo, ongeza zinazopotea kwenye chaja kama joto, weka tano. Uniti ya nyumbani mwaka 2025 ilikuwa kama 756, zidisha, unapata chini ya 4,000. Tofauti ni shilingi elfu tisa na kitu kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu 250,000 kwa mwezi. Tena kuna bei nafuu ya kupikia, uniti za 81 mpaka 150 kwa mwezi mwaka huo walizitoza 412, na boda moja kwenye mita ya nyumbani ya Yaka, ile ya kulipia kabla, itagusa humo humo. Zikiwa tatu hiyo tayari ni biashara, nenda ofisi ya UEDCL waseme wakuweke kundi gani kabla hawajakukuta. Ongeza kwamba huna oili ya injini, huna plagi, huna kabureta ya kusafisha. Cheni bado ipo kwenye nyingi, tairi zipo, breki zipo, na beringi za magurudumu zitakufa vile vile kwenye mashimo yetu.

Watu wengi wanaishia kwenye hiyo hesabu na kushangilia, halafu wanaumia. Hesabu hiyo haina betri. Betri ndiyo nusu ya ile pikipiki, na betri inachakaa. Na angalia tena hapo juu: boda inataka uniti nne na kidogo kwa siku, betri moja ya kawaida ya boda inabeba kama mbili au tatu. Maana yake dereva wako saa saba mchana imeisha, na hawezi kukaa masaa manne akisubiri ichajike wakati wenzake wanabeba wanafunzi. Ndipo ikaja hii ya kubadilisha betri, na ndiyo iliyofanya boda za umeme zifanikiwe Kampala. Zembo walianza 2018, kuna Gogo ambao zamani waliitwa Bodawerk na walianzia kwenye betri, halafu Spiro wakaja mwaka 2023 na mpango mkubwa na serikali wa boda 140,000. Pikipiki inakuwa yako, betri inabaki ya kampuni, unaingia kituoni unalipa unapewa iliyojaa.

Ukitaka kuelewa hii biashara nenda kakae kituo kimoja saa mbili za asubuhi. Mi hukaa. Dereva anaingia, anafungua kiti au ubavu, anavuta betri kwa mpini, ina uzito wa jerikani ya maji iliyojaa na wengine wanaibeba na goti. Mhudumu anaisukuma kwenye kabati, taa inawaka nyekundu, anatoa nyingine yenye taa ya kijani, dereva anaangalia skrini ya simu asome asilimia, na hapo ndipo maneno huanza. Ikiwa 98 anaondoka hata hajaaga. Ikiwa 84 anaita, "mkubwa, hii umenipunja", na ana haki, kwa sababu kilomita kumi kwake ni safari tatu. Siku moja umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nikahesabu boda kumi na moja zimepangwa, madereva wamekaa kwenye kivuli cha mwembe, mmoja amevua helmeti ameiweka kifuani amelala. Zile za petroli zilipita mbele yao zikiwa na abiria. Kituo kile hakikuwa na jenereta wala betri za akiba. Hiyo siku walipoteza zaidi ya walichookoa wiki nzima.

Kwa hiyo swali lako la kwanza la kununua, kabla ya bei na rangi na mbio, ni: kwa njia ambazo vijana wangu wanapita, vituo viko vingapi na umeme ukikatika kituo kinaishi masaa mangapi? Wewe vijana wako wanapita mjini Jinja, Bugembe, Mafubira, Kakira, na umesema mmoja huwa anaenda Iganga. Iganga ni kilomita kama 40 kwenda, 40 kurudi, na mzigo, na upepo wa malori. Huyo wa Iganga muache na petroli. Usibishane naye. Wa mjini ndiye wa umeme, kwa sababu kwenye kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, mota ya umeme haili kitu ikiwa imesimama, na kituo kikiwepo hakiwi mbali sana.

Halafu soma mkataba, dada, usome wote, na kama Kiingereza chake kinakuzidi mtafute mtoto wa sekondari akusomee pole pole. Hizi boda zina simkadi ndani, kampuni inaweza kuizima kutoka mbali. Kwa mwizi ni dawa nzuri, lakini pia inazimwa ukichelewa malipo, hata kama ni dereva ndiye hakuleta hesabu na wewe huna habari. Uliza wanatoa siku ngapi. Uliza betri ya kampuni hii inaingia kwenye boda ya kampuni ile? Kwa sasa kwa kawaida haiingii, kila mtu ana umbo lake na plagi yake, na hapo ndipo natamani serikali iweke nguvu kuliko kwenye sherehe za uzinduzi, iseme plagi moja na kabati moja kwa wote, kama mtungi wa gesi. Kwa sababu kampuni ikifunga unabaki na pikipiki isiyo na betri. Namjua kijana alibaki hivyo, kampuni ndogo hivi iliondoka tu bila kuaga, akaja kwangu anasukuma boda kwa mguu kutoka Kireka. Tulimtengenezea betri nyingine, ilichukua miezi mitatu na akiba yake yote.

Ukinunua ya kumiliki betri mwenyewe, uliza ni ya aina gani. Ikiwa LFP, yaani ya chuma na fosfati, ni nzito kidogo lakini inavumilia joto na inachajiwa mara elfu mbili na zaidi ikitunzwa. Zile nyingine za nikeli na kobalti ni nyepesi na zinabeba zaidi, ila hazipendi joto na zikiharibika zinaharibika vibaya. Kwa boda ya Jinja mi nachukua LFP bila kufikiri mara mbili. Usiiache ifike sifuri kila siku, usiichaji ikiwa bado ya moto imetoka barabarani, ipe nusu saa ipoe.

Na maji! Hili waambie vijana wako kabla ya kitu kingine chochote. Mvua haiui hizi boda, kinachoziua ni zile pampu za presha za kuoshea. Kijana anampa muoshaji shilingi elfu mbili, anaelekeza maji kwenye mota na kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota, na mpira wa kuzuia maji umetengenezwa kwa mvua siyo kwa presha. Maji yanaingia, wiki mbili baadaye pini zimeota kutu ya kijani na boda inakatakata ikipanda mlima. Robo tatu ya boda ninazofungua karakana ni hicho tu. Ndoo, kitambaa, basi.

Umeuliza pia chini kabisa, kwamba mafuta ya Hoima yakianza si petroli itashuka? Mafuta ghafi mengi yatapita bombani kilomita 1,443 mpaka Tanga yauzwe nje, na kiwanda cha kusafisha cha kule Kabaale bado ni mpango. Mpaka kijengwe petroli yako itaendelea kupita Mombasa na Malaba. Unakumbuka Januari 2022, malori yalivyokwama mpakani kwa ajili ya vipimo vya korona, lita ikafika shilingi 10,000 sehemu nyingine? Boda yenyewe ilizaliwa kwenye mpaka huo huo, Busia, baiskeli za kuvusha watu, na mpaka huo huo ukifungwa boda zote za nchi zinasimama. Hiyo ndiyo sababu yangu mi ya kutaka hii kitu ifanikiwe, maji ya Nile hayapiti mpakani kuja kwetu na lori. Na hewa ya Kampala nayo, vijana wa AirQo pale Makerere wametengeneza vipimo vyao wenyewe, vingine wakavifunga juu ya boda vizunguke mji, na vinachoonyesha siyo hewa ya kumpa mtoto. Dereva wa boda anaivuta masaa kumi na mbili.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii mtume kijana wa mjini azunguke njia zake zote na daftari, aandike kila kituo cha kubadilisha betri anachokiona na umbali wake kutoka steji. Vikiwa viwili au zaidi ndani ya njia zake, chukua boda moja ya kubadilisha betri, mpe huyo huyo. Kisipokuwepo hata kimoja, basi ni ya kumiliki betri, LFP, na waya mpya nyumbani kwanza, na iende mizunguko mifupi ya Bugembe na Mafubira ili mchana irudi kula chaji wakati kijana anakula. Andika kila siku: kilomita, pesa ya chaji, masaa iliyosimama. Ile Boxer nyingine iliyochoka ifanyie injini tu kwa sasa, usiiuze, mpaka mvua za Novemba zipite na daftari liwe na miezi sita, halafu niandikie tena na hizo namba tuangalie pamoja hiyo ya pili.